Kutoka Dar kwenda Dodoma: pima haya kabla hujafunga mizigo

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya azimio lililolala tangu 1973, swali la kuhama limetoka kwa watumishi wa umma likaingia kwa kila mtu: fundi wa aluminiamu, mwenye saluni, mwalimu wa shule binafsi, wakili, mama wa mgahawa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Mji unaokua kwa kasi hiyo una nafasi, una vumbi la ujenzi, na una watu wengi waliokuja kwa kusikia tu kwamba "kule maisha ni nafuu".

Hilo la unafuu ndilo linalowapoteza watu. Dodoma kuna vitu vya bei ya chini kuliko Dar, na kuna vitu vya bei ya juu, na ukijumlisha, kwa familia nyingi tofauti haitoshi kumhamisha mtu. Maswali mazito ni mawili: nani atakulipa ukishafika, na utarudi Dar mara ngapi. Anza na hayo. Mambo ya nyumba, kiwanja na shule yatafuata, na mengine huenda usiyafikie kabisa.

Hatua ya 1: Andika nani atakulipa

Chukua karatasi uorodheshe kila pesa inayoingia nyumbani kwenu, yako na ya mwenzako. Mbele ya kila moja andika neno moja: inahama, inabaki, au inakufa. "Tutaona" si jibu; ukijikuta unaliandika, hesabu hiyo kuwa imekufa.

Mtumishi aliyehamishwa na mwajiri mambo yake ni mepesi, mshahara ni uleule na kuna stahili za uhamisho. Aliyeomba mwenyewe kuhama ajue kwamba gharama zote ni zake, kuanzia lori mpaka kodi. Anayefanya kazi kwa mtandao, mhariri au mtu wa programu, mshahara wake unahama naye. Kwake huu ndio mji wa kufikiriwa kwa uzito. Anayesahaulika siku zote ni mwenzi. Mume kapata kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mke ana duka la vitenge Mbagala lenye wateja wa miaka. Duka hilo halihami. Bidhaa zinaweza kupakiwa, wateja hawapakiwi. Kama mapato ya duka ni theluthi ya kipato cha nyumba, basi kuhama kunawakata theluthi hiyo kwa mwaka mzima angalau, hata kama mama ni hodari wa biashara kiasi gani.

Mfanyabiashara ajifunze kalenda ya pesa ya Dodoma, maana haifanani na ya Kariakoo. Pesa ya mji huu inakuja kwa misimu. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni. Kipindi hicho gesti zinajaa, vyumba vinapanda bei, wachoma nyama hawalali mapema, bajaji zina abiria hadi usiku. Wabunge na maafisa wakishaondoka, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nao wakifunga chuo, mgahawa uliokuwa unapika sufuria tatu unapika moja na kurudi na nusu yake nyumbani. Ukienda kuchunguza biashara mwezi Mei utaona mji wa sherehe. Nenda Mei ukitaka, lakini rudi tena mwanzoni mwa Oktoba, ukae kwa mama ntilie aliye jirani na fremu unayoitamani, ule, umuulize siku ya kawaida anauza sahani ngapi. Mama ntilie ana takwimu kuliko dalali wa fremu, na hana sababu ya kukudanganya.

Jambo moja kwa wanaohama kwa ajili ya tenda. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Unaweza kuomba zabuni ya wizara iliyoko Mtumba ukiwa umekaa Tabata. Kuwa karibu na ofisi kunasaidia kufuatilia malipo na kukabidhi mzigo, lakini kwa hilo tu mtu anaweza kupanda treni asubuhi na kurudi jioni. Si sababu ya kuhamisha watoto shule.

Hatua ya 2: Hesabu kodi ya pili

Naiita kodi ya pili kwa sababu inalipwa kama kodi, kila mwezi, na hakuna mwenye nyumba anayekupa risiti. Ni gharama ya kurudi Dar.

Treni ya SGR, ile ya umeme, ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake. Chukua familia ya baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi. Kwenda ni 93,000. Kwenda na kurudi ni 186,000. Wakirudi Dar mara moja kwa mwezi, kwa mwaka ni 2,232,000, na hapo hujaweka bajaji ya kwenda stesheni pande zote mbili wala zawadi za mikononi, maana huwezi kufika kwa bibi ukiwa na mkoba tu. Sasa tuseme umepata nyumba Dodoma ambayo kodi yake ni pungufu ya ile ya Dar kwa 100,000 kwa mwezi. Umeokoa 1,200,000 kwa mwaka. Treni imeimeza yote na kudai zaidi kidogo ya milioni nyingine.

Ndiyo maana nasema hesabu ya kodi peke yake haina maana. Fanya hesabu yako kwa nauli ya wakati huu, kwa idadi ya watu wako, na kwa ukweli wa familia yako. Kaa na mwenzako mtaje kwa majina watu ambao msiba wao utawalazimisha kusafiri wote. Taja wazee wanaougua. Taja harusi za mwaka ujao ambazo tayari mko kwenye kamati. Taja kikoba ambacho mama hawezi kukikosa. Familia nyingi za Dar zikifanya zoezi hili kwa uaminifu zinapata safari nyingi kuliko zilivyodhani, na baadhi zinagundua kwamba maisha yao yote yako kati ya Temeke na Kigamboni, na Dodoma itakuwa kwao chumba cha kulala cha bei ghali.

Halafu kuna mtindo wa nyumba mbili, mmoja abaki Dar na watoto, mwingine akae Dodoma na kurudi kila baada ya wiki mbili. Nauli yake peke yake ni 62,000 kwa safari, yaani zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka, na juu yake kodi mbili, umeme wa LUKU mara mbili, gesi mbili, na mtu anayekula hotelini kwa sababu hajui kupika. Wapo wanaoumudu kwa miaka. Kama ndio mpango wenu, uwekeeni mwisho, mwezi na mwaka, kabla hamjaanza. Usipouwekea mwisho, utajikuta mnaishi hivyo mpaka mtoto anamaliza kidato cha nne.

Siku za kusafiri nazo zina adabu yake: treni za Ijumaa jioni na Jumapili huwahiwa tiketi. Asiyekata mapema anaishia kwenye basi, na basi ni siku nzima.

Hatua ya 3: Nenda ukaishi, usiende kutembea

Kama karatasi ya hatua mbili za kwanza bado inasema "nenda", basi nenda ukalale mtaani. Usifikie hoteli ya katikati ya mji. Tafuta chumba kwenye mtaa unaoufikiria, wiki moja au mbili, na uchague wakati mgumu: Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Machi au Aprili, na mwisho wa kiangazi ndipo mji unapoonyesha sura yake halisi: jua, upepo, vumbi linaloingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Aliyezoea unyevu wa pwani atapasuka midomo. Ukipata nafasi nyingine, nenda Julai usiku, utajua kwa nini wenyeji wanavaa makoti.

Jambo la kupimwa kwa mikono yako ni maji. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kuliko visima. Mitaa mingi ina mgao, kwa hiyo uliza siku na saa, na umuulize mpangaji wa jirani kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Kisha fungua bomba, lowesha mikono, paka sabuni ya mche. Kama povu halitoki ila unga mweupe unaoganda kwenye vidole, hayo ni maji ya chumvi. Omba kuona birika la jikoni. Ukikuta chini yake ukoko mweupe mgumu, hutahitaji maelezo zaidi. Maji ya hivyo yanatosha kudeki na kuogea, lakini ya kunywa na ya kupikia chai utanunua, na matumizi hayo yaingie kwenye karatasi yako. Angalia pia tenki: nyumba isiyo na tenki la kutosha familia siku tatu, kwangu mimi haifai hata kwa kodi ya bure.

La pili ni njia ya kazini. Mji wa Serikali wa Mtumba uko upande wa mashariki, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar. Anayefanya kazi huko atafute nyumba upande huohuo, Nzuguni au Ihumwa, hata kama Area C na Area D zina majina makubwa zaidi. Mtu wa UDOM au wa Hospitali ya Benjamin Mkapa aangalie Iyumbu na Ng'hong'honha. Safiri mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa daladala, siku za kazi. Mtaa uliokuwa karibu mchana kwenye ramani unaweza kuwa mbali sana ukisimama kituoni na giza linaingia.

Na soko. Nyama na mahindi utafurahia. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi una mbuzi wa kutosha, na ukipita Kibaigwa njiani unaweza kupakia gunia la mahindi kwenye soko ambalo wafanyabiashara wa Dar wenyewe wanalifuata. Zabibu ziko. Lakini nazi inasafiri kutoka pwani kama wewe, na samaki wa bahari anafika akiwa kwenye barafu na bei yake; wengi wanahamia kwa samaki wa bwawa la Mtera. Nyumba inayopika wali wa nazi mara nne kwa wiki ina mawili, ibadili menyu au ilipe.

Hatua ya 4: Panga kwanza

Hata kama una pesa ya kujenga, panga. Mwaka mmoja wa kupanga utakufundisha mitaa kuliko dalali yeyote.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Omba mitatu. Mara nyingi watakataa mwanzoni, kisha nyumba ikikaa tupu wiki mbili simu inalia. Msimu wa Bunge la bajeti ni wakati mbaya wa kubembeleza bei, kwa hiyo tafuta nyumba nje yake. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, na baadhi wanadai pesa ya kukuzungusha hata usipochukua nyumba. Kubalianeni hilo kabla hamjapanda bodaboda ya kwanza. Mkataba uandikwe, na upitie ofisi ya serikali ya mtaa. Ukiwa hapo jitambulishe kwa mwenyekiti na mjumbe, maana barua yao utaihitaji benki, kwenye dhamana, kwenye mambo mengi ambayo Dar ulikuwa umeshayasahau kwa sababu mjumbe wako anakujua.

Angalia mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na jengo ni la mwenye nyumba. Kiasi ni kidogo, lakini kiandikwe kwenye mkataba kwamba mtakirekebisha kwenye kodi ya pango, kisije kikawa ugomvi wa Desemba.

Nyumba yako ya Dar, kama unayo, usiiuze mwaka huo. Ipangishe. Kodi yake ndiyo itakayolipia ile ya Dodoma, na kama mambo yakigoma una pa kurudi.

Hatua ya 5: Kiwanja

Watakufuata nacho kabla hujamaliza kufungua maboksi. Sitasema usinunue, nasema usinunue miezi sita ya kwanza, na usinunue kwa kuonyeshwa picha kwenye WhatsApp.

Dodoma ina historia yake ya ardhi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilisimamia viwanja vya mji kwa zaidi ya miaka arobaini mpaka ilipovunjwa 2017 na kazi zake kupelekwa halmashauri. Kwa hiyo bado zipo nyaraka zenye jina la CDA, na migogoro ya kiwanja kimoja kuwa na watu wawili wenye karatasi si jambo geni hapa. Karatasi peke yake haitoshi. Fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, uone jina la muuzaji linafanana na lililosajiliwa, na kama kuna rehani au zuio la mahakama. Nenda na mpima aliyesajiliwa akakuonyeshe mawe ya mipaka ardhini, kwa namba. Waulize majirani pande zote nne, kwa siku tofauti na muuzaji asiwepo. Soma masharti ya hati pia: nyingi zinataka uendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, na kibali cha ujenzi ni jambo jingine la kufuatilia jiji. Muuzaji anayeharakisha, anayesema kuna mwingine anakuja na pesa taslimu kesho, mwache huyo mwingine aje.

Hatua ya 6: Watoto na wagonjwa

Hama Desemba. Mwaka wa shule unaanza Januari, na mtoto anayeingia na wenzake wapya wote hateseki kama anayeingia Mei. Mwenye mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne asubiri amalize mtihani: mtoto akishasajiliwa na Baraza la Mitihani kwenye kituo cha Dar, kumhamisha katikati ya mwaka ni kumtafutia mashaka. Uhamisho wa shule ya serikali unaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, na hauishi mpaka shule anayokwenda imekubali kumpokea. Usihamishe vitu kwa ahadi ya mdomo.

Kwa matibabu Dodoma si ile ya zamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, na kuna hospitali ya rufaa ya mkoa katikati ya mji. Ila kama mzee wako ana daktari wake wa miaka mingi Muhimbili au Taasisi ya Moyo, muulize daktari huyo kwanza kama kliniki inaweza kuhamishiwa Dodoma na kwa nani. Asipotaja jina la mtu wa kumpokea, ongeza safari hizo kwenye hesabu ya hatua ya pili.

Hatua ya 7: Amua, na uweke tarehe ya kuamua tena

Rudi kwenye karatasi. Kwa vipimo vyangu: kama zaidi ya nusu ya kipato cha nyumba kinahama nanyi, na gharama ya kurudi Dar ni ndogo kuliko mlichookoa kwenye kodi na usafiri wa kila siku, nendeni. Kama kipato kinahama lakini safari zinaimeza akiba, nendeni tu ikiwa kuna kitu kingine mnachokitaka kweli, mfano kazi yenye kupanda cheo, au kuondokana na saa tatu za foleni kila siku. Kitajeni kwa jina. Kama kipato kinabaki au kinakufa, msiende kwa matumaini kwamba mji unakua. Mji unakua, lakini wenye kuvuna ni waliofika na mtaji wa kusubiri.

Wekeni siku, miezi kumi na miwili baada ya kuhama, ya kukaa na karatasi ileile na tarakimu za kweli. Mfanyabiashara asisahau kwamba leseni za biashara nyingi zinatolewa na halmashauri ya mahali biashara ilipo, na Mamlaka ya Mapato (TRA) nao wajulishwe kwamba ofisi imehama, la sivyo makadirio ya kodi yataendelea kuja Dar.

Na kama hesabu imekataa Dodoma kwa sababu ya safari tu, usiikunje karatasi bado. Ifanyie Morogoro. Ni manispaa yenye watu 471,409 kwa sensa ya 2022, ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Mzumbe iko jirani, mvua za misimu miwili na milima ya Uluguru mgongoni. Mishahara ya serikali kuu haipo kwa wingi ule, kwa hiyo karatasi ya hatua ya kwanza itabadilika na pengine itakataa. Lakini nauli ya SGR kutoka Dar ilipangwa 13,000: familia ileile ya watu wanne inakwenda na kurudi kwa 78,000, na mama wa Mbagala anaweza kufungua duka lake mara mbili au tatu kwa wiki, akalala Morogoro siku zilizobaki, mradi amepata binti wa kuaminika wa kushika funguo.